Malipo kwa Kila Mlango

Zimeni kwanza huo msumeno. Mmoja wenu aende akauzime, sina pumzi ya kushindana na mashine.

Vizuri. Sasa fungeni mlango. Ndiyo, usukume kwa bega, nimeona kwamba unabana, na nitafika huko. Wewe mkubwa, njoo hapa miguuni nikuone uso, na hiyo simu iweke mfukoni. Binti yangu, kaa juu ya hilo sanduku la vifaa, halitavunjika, nililitengeneza mwenyewe. Na wewe kitinda mimba, acha kuegemea ukuta kama mtu anayesubiri gari, kaa chini. Nisikilizeni wanangu mpaka nimalize, na asiwepo wa kunikatiza, maana nikikatizwa sidhani kama nitapata nguvu za kuanza upya. Najua daktari amewaambia jambo. Mimi hakuniambia, lakini nimelisoma kwenye nyuso zenu, mnavyoingia humu kwa kunyata kama watoto waliovunja kikombe. Basi nitakufa, na hilo halinitishi. Ila kama mlidhani baba amewaita awagawie mbao, awashike vichwa, mlie kidogo kisha mwende zenu, mmenoa. Nimewaita kwa sababu nina hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyoniweka hai tangu Jumanne ile, si hizo dawa mnazoninywesha.

Kitanda hiki mlikiegemeza wenyewe kwenye ukuta wa karakana, mkasema mzee asikie watu wake wakifanya kazi, asijione mpweke. Hapo mlifanya vyema. Miezi minne nimeifuata kazi yangu kwa masikio, na hamna habari jinsi ukuta unavyosema. Nilimjua kila mpiga randa kwa namna anavyoivuta. Nilijua nani amechelewa, nani ametoka nyumbani kwa ugomvi, nani anamfundisha nani kutoboa tundu la kitasa, maana anayefundisha hugonga kidogo, akanyamaza, akagonga tena. Nilisikia ubishi wa mpira. Nilisikia fundi wetu wa madirisha akiimba kwa sauti yake ile mbaya, na wenzake wakimwomba kwa jina la Mungu anyamaze. Na zaidi ya yote nilisikia milango, pale kwenye fremu ya majaribio karibu na lango. Mlango unafunguliwa, unafungwa, unafunguliwa, unafungwa, mara kumi, kisha mtu anasema "Upite," na mwingine anajibu "Asante, ndugu yangu." Sauti hiyo, wanangu, ndiyo karakana yangu. Hayo mengine ni mbao na misumari tu.

Mnaijua desturi yetu, ingawa naona mmejitia kuisahau, kwa hiyo nitaisema tena. Mlango hautoki hapa mpaka umepita kwenye mkono wa pili. Aliyeutengeneza haruhusiwi kuujaribu, kwa sababu mtu anaujua ubaya wa kazi yake na mkono wake hujifunza kuukwepa. Anainua kidogo pale unapogusa, anasukuma pale unapobana, wala mwenyewe hajui kama anafanya hivyo. Basi humwita mwenzake, yeyote aliye karibu, na huyo mwenzake huacha kazi yake, akafuta mikono, akaufungua na kuufunga mara kumi kama mgeni aliyefika kwenye nyumba ya watu. Ukigusa popote, unarudi mezani, na hakuna wa kununa. Hatukuwahi kumlipa mtu kwa mkono wa pili, wala hakuna aliyewahi kudai alipwe, kwa sababu leo anajaribu wako na kesho utajaribu wake.

Wiki nne zilizopita sauti hiyo ilikoma.

Siku ya kwanza nilidhani masikio yangu yametangulia kufa. Siku ya pili nikausikia msumeno vizuri tu, na randa, na nyundo, haraka haraka, kila mtu na haraka yake, na katikati ya hayo yote hakuna neno. Watu kumi na mmoja ndani ya chumba kimoja na hakuna anayemwambia mwenzake hata pisha. Hakuna wimbo. Hakuna anayegonga, akanyamaza, akagonga tena. Ukimya ule naujua, niliutengeneza mwenyewe miaka kumi na tisa iliyopita. Nikamwuliza binti yangu aliponiletea chai, "Mmebadilisha nini huko?" Akanijibu, "Hakuna kitu, baba, ni kazi nyingi tu." Inua uso, binti yangu. Ulinidanganya ukiwa umeshika kikombe changu. Ulijua kaka yako amefuta mshahara wa mwezi na kuweka malipo kwa kila mlango. Ulijua amebandika karatasi ukutani yenye majina, aliyetoa mingi juu kabisa, aliyetoa michache chini kabisa, na kwamba wa chini kila Ijumaa anakatwa posho. Ulijua yote hayo, na ukaniuliza kama uniongezee sukari.

Haya, twende kwenye Jumanne. Kila mmoja humu anajua kilichotokea na hakuna aliyekisema, mmekuwa mkikizunguka kama maji yaliyomwagika, basi nitakisema mimi. Mlango wa zamani wa chumba hiki uliliwa na mchwa, mkautoa, mkaniwekea huu, zawadi ya mzee. Nikashukuru, nikawaombea dua. Kumbe ni mlango wa huo utaratibu mpya, umetengenezwa kwa mbao ambazo hazijakauka, na aliyeutengeneza alikuwa na mingine minne ya kuwahi kabla ya Ijumaa, na hakuna mkono wa pili uliougusa. Jumatatu mvua ikanyesha. Jumanne asubuhi nimeamka nataka kwenda msalani. Nimejikokota na fimbo yangu, nimefika, nimevuta, mlango umekataa. Nimevuta mpaka nikaona kizunguzungu. Nikaita. Nikamwita mkubwa, nikamwita binti, nikawaita mafundi mmoja mmoja, watu niliowafundisha kushika patasi. Nikaupiga mlango kwa fimbo. Na hatua sita kutoka hapa kulikuwa na watu kumi na mmoja. Msiniambie hawakusikia! Walisikia. Ila kila mmoja alijiambia kwamba atakwenda mwingine, kwa sababu dakika tano za kumfungulia mzee ni dakika tano za mlango wake, na jina lake liko kwenye karatasi. Nikasimama pale, wanangu, mimi niliyetengeneza milango ya shule na hospitali mpaka nikapoteza idadi, nikajikojolea miguuni nyuma ya mlango wa karakana yangu mwenyewe.

Usilie, binti. Ulie baadaye, sasa nisikilize.

Mnajua ni nani aliyekuja? Fundi wa vitasa. Yule asiyesikia tangu utotoni, ambaye mkitaka kumwita mnamgusa bega. Wenye kusikia wote walikaa kwenye meza zao, akaja yeye, kwa sababu aliinua macho akaona mlango unatetemeka. Akaingiza patasi kwenye fremu, akauinua, akausukuma kwa bega mpaka ukafunguka. Aliponiona nilivyo, hakuita mtu. Alivua aproni yake akanifunga kiunoni, akapiga magoti, akaipangusa sakafu, wala hakunitazama usoni mpaka alipomaliza, na hiyo ndiyo heshima kubwa niliyofanyiwa katika nyumba hii kwa mwezi mzima. Alitaka kuuchukua mlango akaupige randa. Nilimkataza kwa mkono. Nilitaka ubaki kama ulivyo, na ndiyo maana unabana mpaka leo.

Ijumaa jina lake likawa la mwisho. Vitasa viwili pungufu. Na wewe, mwanangu wa kwanza, mwenye vyeti viwili ukutani, ukamkata posho. Hukuuliza kwa nini. Karatasi yako haina mahali pa kuuliza kwa nini. Jumamosi alikuja kuniona, nikamwuliza kwa mikono wiki ilikuwaje, akanipa ile stakabadhi ya malipo huku anatabasamu kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Ninayo hapa chini ya mto. Nimelala juu yake usiku wa juzi na wa jana, na haikuniacha nipate usingizi.

Naona unafungua mdomo. Ufunge. Najua utakachosema, kwa sababu nilikisema kabla hujaota ndevu. Utasema mshahara wa mwezi unalipa usingizi. Utasema yule fundi wa fremu hujilaza nyuma ya rundo la mbao kila baada ya chakula cha mchana, halafu mwisho wa mwezi anapokea sawa na anayetoka jasho, na anayetoka jasho anaona, anavunjika moyo. Ni kweli. Sikatai, una haki hapo. Yule ni mtegaji, na mimi nimemfumbia macho miaka sita kwa kuogopa kugombana naye, na kosa hilo ni langu. Lakini wewe ulitunga sheria ya kuwapiga watu kumi na mmoja ili usilazimike kumwambia mmoja wao neno moja usoni. Huo si uongozi, huo ni woga uliovaa tai. Utasema pia kwamba milango imeongezeka, kutoka ishirini kwa wiki mpaka thelathini na nane. Nayo ni kweli. Kitinda mimba, wewe ndiye unayeendesha pikapu. Umerudishiwa milango mingapi? Usimwangalie kaka yako, niangalie mimi. Nionyeshe kwa vidole. Saba. Saba, na mvua ndiyo kwanza zinaanza. Miaka kumi kabla ya hapo tulirudishiwa minne, na mmoja wao mwenye nyumba ndiye aliyeugonga kwa gari lake.

Nipeni maji. Kidogo tu. Inatosha.

Sasa nitawaambia lile ambalo mama yenu aliingia nalo kaburini, na ambalo nilikuwa nimepanga kuingia nalo na mimi. Mnakumbuka mjomba wenu. Kaka wa mama yenu, mwenye kibanda cha misumari na bawaba kule stendi. Mnamwita Mjomba Chupa. Mlianza kumwita hivyo mkiwa wadogo, na mimi nilicheka, na kila nilipocheka niliwafundisha kulisema tena. Mnajua kwamba alikuwa hapa na kwamba alipoteza vidole viwili kwenye msumeno kwa sababu alikuja kazini amelewa. Nani aliyewaambia? Ni mimi. Mjomba wenu hajaonja pombe maisha yake yote.

Tulianza wawili, chini ya mabati manne. Mikono ilikuwa yangu, msumeno ulikuwa wake, huo huo mliotoka kuuzima sasa hivi. Aliuza shamba lake akaununua. Tuliwalipa watu kwa kutwa, wote sawa, na sisi tukachukua sawa na wao, na jioni tulikuwa tunafukuzana kutoka karakana kwa sababu hakuna aliyetaka kuacha stori. Kisha nikapata oda ya shule, milango mia mbili, nikapagawa. Nikasema tutalipa kwa kila mlango. Mjomba wenu alikataa, nikamwambia ana roho ya kimaskini. Wiki ya kwanza milango ikawa maradufu, nikajiona nina akili kuliko wote waliowahi kushika msumeno, nikanunua viatu vipya. Wiki ya tatu nikaona watu wanaficha mbao nzuri chini ya meza zao. Wakaandika majina kwenye makopo ya gundi. Vijana waliokuja kujifunza walifagia maranda mwezi mzima wakaondoka bila kujua hata kupima pembe, maana nani atapoteza mlango wake kumfundisha mtoto wa mwenzake? Mzee aliyenifundisha mimi ufundi, mwenye mikono mizito na kazi safi kuliko sisi sote, akawa anapokea ujira wa kitoto, akaacha kuniamkua asubuhi. Mjomba wenu akaniambia, "Shemeji, umewaongezea pesa ukawanyang'anya wenzao." Nikamwambia arudi kwenye msumeno, watu wanasubiri mbao.

Na kweli walikuwa wanasubiri. Watu kumi wanamsubiri mmoja, kila dakika yake ni pesa ya kila mtu, wanampigia miluzi, wanamgongea meza. Ule msumeno ulikuwa na kinga ya chuma juu ya meno yake, na kila ubao wa unene tofauti ilibidi uilegeze, uipandishe, uikaze tena. Wakanijia wakasema, "Mzee, kile kidude kinatuchelewesha." Mjomba wenu alisema kisiguswe. Nilisubiri atoke kwenda kula, nikachukua spana, nikakifungua. Mimi. Kwa mikono hii. Siku ya kumi na moja vidole vyake viwili viliruka mpaka kwenye maranda, na fundi aliyekuwa nyuma yake, Mungu ananisikia, aliuliza kwanza kama ubao umeharibika.

Tulia, binti, nimekwambia utalia baadaye.

Wakaguzi wa serikali walipokuja kuuliza, nilisema alikuwa amelewa. Kama amelewa, kosa ni lake, hakuna fidia, na oda haisimami. Alikuwa hospitalini, hakuwepo kunipinga. Alipotoka alikuta mji mzima unajua kwamba yeye ni mlevi. Hakuja kunigombeza. Alikuja mara moja tu, akasimama hapo uani, akautazama msumeno wake, akaondoka. Mama yenu alijua. Hakunisema mbele yenu hata siku moja, alinipikia, aliniuguza, alinizalia huyu kitinda mimba, lakini tangu siku ile hakukanyaga tena ndani ya karakana. Chai yangu aliiweka kizingitini, nikaifuata mwenyewe. Miaka kumi na tano ya chai ya kizingitini. Na mimi badala ya kwenda kwa mjomba wenu kupiga magoti nikamchukia, nikanunua bawaba kwa mtu wa mbali, kwa bei kubwa, ili nisipite mbele ya kibanda chake.

Mnataka kuiona hiyo kinga? Kile chuma cheusi kilichopinda, ukutani nyuma ya msumeno, mnachotundikia makoti. Nilikipigilia hapo mwenyewe, nikasema ni kiango. Mmekitundikia makoti miaka kumi na tisa.

Baada ya pale nilirudi kwenye mshahara wa mwezi, lakini bado nilikuwa mjanja, nikaanza kuwapa wale mahodari bahasha kwa siri. Siri gani! Kila mtu aliupima unene wa mfuko wa mwenzake kwa macho. Fundi wa madirisha aliacha kuimba mwaka mzima kwa sababu alimwona mwenzake na bahasha nene, kumbe mle ndani nilijaza noti ndogo ndogo. Mpaka siku moja nikachoka kutazamwa kama mwizi, nikasimama juu ya meza nikataja mishahara ya wote kwa sauti, na wangu ukiwemo, nikasema kitakachobaki mwisho wa mwaka tutakigawa mezani kila mtu akiona, na kila mlango utakaorudishwa utatupunguzia sote. Walinizomea siku ile. Lakini mkono wa pili ulirudi, na baada ya miaka miwili nikasikia mtu anaimba, nikatoka nje nikalia. Kitu kilichochukua miaka miwili kurudi, wewe umekifukuza kwa karatasi moja na gundi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana nguvu zinaniacha, nazisikia zinavyokwenda, miguu siisikii tena.

Karakana haigawanywi. Nusu ni ya mjomba wenu, ilikuwa yake tangu mwanzo, na msumeno ni wake wote. Nusu yangu ni yenu watatu kwa pamoja, na nyumba pia. Binti, meza yangu na randa zangu ni zako, una mkono kuliko ndugu zako, kilichokupungukia ni mdomo, basi kuanzia leo uwe nao. Kitinda mimba, pikapu ni yako. Kazi yake ya kwanza ni kwenda kwenye nyumba zile saba, kuwaomba watu radhi na kuwawekea milango mipya bure.

Mkubwa. Ufunguo unabaki kwako. Unashangaa? Ulifikiri nitakunyang'anya. Sikunyang'anyi, kwa sababu kosa lako nalijua, nililifanya kabla yako, na langu lilikuwa kubwa zaidi. Lakini utatoka hapa ukaichane ile karatasi mbele ya watu, wewe mwenyewe. Utamrudishia fundi wa vitasa posho yake mkononi, na utakapomwomba radhi simama mbele yake, mwanga ukuangaze usoni, ayaone maneno yako yanavyotoka. Yule wa fremu, mwite pembeni umwambie kwamba analala, na kwamba mwezi ujao akilala atafute kazi kwingine. Na mwaka mzima, mkono wa pili utakuwa wewe. Kila mlango, mara kumi. Tangu uzaliwe umetengeneza kigoda kimoja, nacho kinayumba, basi ufundi wako utauanzia kwenye kujaribu milango. Malipo ya watu hayabadilishwi tena bila mjomba wenu na mafundi kukaa mkakubaliana. Na msumeno hauwashwi leo mpaka kinga imerudishwa mahali pake. Toeni makoti.

Jeneza langu lisiingie kwenye hesabu ya mtu. Litengenezwe taratibu, kwa mbao kavu, na lipite mkono wa pili. Nimeshakwama mara moja, inatosha... Naona mmecheka. Haya, chekeni. Nilikuwa nalitaka hilo.

Mungu awape... ngoja nivute pumzi. Mungu awape kazi ambayo hamtaionea haya. Awape watu wa kuwaambia ukweli mkiwa bado na nguvu za kuusikia. Niliyowakosea mnisamehe, mliyonikosea nimesamehe, hata ya sukari, binti yangu. Hasira imekwisha. Sikudhani itakwisha.

Limebaki moja. Mlipokuwa mnaingia mlimpita mtu amekaa kwenye rundo la mbao hapo nje. Hakuna aliyemsalimu, nilisikia. Ni mjomba wenu. Nilimtuma fundi wa vitasa jana akampelekee barua. Amekuwa hapo muda wote, na huu ukuta unasema pande zote mbili. Ameyasikia yote. Sijui kama bado yupo... sikusikia hatua zikiondoka, lakini masikio yangu siku hizi...

Mkubwa, fungua mlango.

Umekwama. Najua umekwama. Usiupige teke. Huwezi peke yako, mimi nimejaribu. Mwite. Mwambie asukume kwa nje na wewe uvute. Mwite kwa adabu, sema mjomba, usiseme lile jina.

Mwite tena.

Subiri... Huyo. Anasukuma. Inua kidogo, vuta naye, taratibu, msishindane... hivyo hivyo.

Ingia, shemeji. Lete huo mkono.